Mpira Wenye Makovu

Mpira wa gofu ulio laini kabisa, usio na alama hata moja, ni mpira mbaya. Ukiupiga kwa nguvu utapaa kidogo, kisha utainamisha kichwa na kuanguka kama ndege aliyepigwa kwa manati. Usilaumu mkono wako. Hata bingwa wa dunia akiupiga utaanguka vilevile, na hautafika mbali zaidi ya karibu nusu ya umbali ambao mpira wenye vishimo ungefika. Leo kila mtengenezaji wa mipira analijua hilo. Lakini lilipojulikana mara ya kwanza, katikati ya karne ya 19 huko Uskoti, halikutoka maabarani. Lilitoka kwa watu waliokuwa wakichezea mipira mizee.

Kila mtu anayeanza gofu, nami nikiwamo, huwa na swali moja tu: nifanye nini ili mpira uende ninakotaka? Majibu hayakosekani. Nyoosha mkono wa kushoto. Usiinue kichwa. Geuza bega kwanza. Ukisimama uwanjani saa moja utapewa ushauri wa kutosha kujaza debe, na nusu ya ushauri huo utapingana na nusu nyingine. Basi nikaona niligeuze swali. Badala ya kuuliza nifanye nini, nikauliza: watu walijuaje? Nani alijua kwanza kinachoufanya mpira uende sawa, na ilichukua muda gani mpaka akasadikiwa? Nilipofuata njia hiyo nilikutana na kisa kilekile, karne baada ya karne. Shabaha ya wachezaji iliboreka kila mara walipoacha kubishana juu ya mkono, wakakubali kuusikiliza mpira.

Tuanze na mipira yenyewe. Kabla ya 1848, mpira wa heshima ulikuwa wa ngozi iliyojazwa manyoya ya bata bukini. Manyoya yalichemshwa, yakashindiliwa ndani ya kifuko cha ngozi kupitia tundu dogo, kisha tundu likashonwa. Kila kitu kilipokauka, manyoya yalitanuka huku ngozi ikijikaza, na mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi hodari alitengeneza mipira michache tu kwa siku, kwa hiyo bei ilikuwa ya watu wenye nazo. Na mpira wenyewe ulikuwa na maringo: ukilowa unakuwa mzito, ukigongwa vibaya unapasuka.

Katika mji wa St Andrews, fundi mkubwa wa mipira hiyo alikuwa Allan Robertson, ambaye pia alihesabiwa kuwa mchezaji bora wa zama zake. Msaidizi wake alikuwa Tom Morris, kijana wa mji uleule. Mnamo 1848 ukaingia mpira wa aina nyingine, uliotengenezwa kwa gutapacha, utomvu wa miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Utomvu huo ukitiwa katika maji ya moto hulainika kama ugali, ukauviringisha upendavyo, na ukipoa huwa mgumu. Mpira huo ulikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kununua, na ukiharibika unauchemsha na kuufinyanga upya. Robertson aliiona riziki yake ikiondoka. Wawili hao waligombana kwa sababu ya mpira huo, na 1851 Morris akahamia Prestwick, pwani ya magharibi. Ukweli una njia zake, lakini. Mwaka 1858 Robertson mwenyewe aliumaliza uwanja wa St Andrews kwa mipigo 79, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa, na kufikia hapo mpira wa gutapacha ndio uliokuwa umetawala.

Sasa, mpira huo mpya ulikuwa na kasoro iliyowaudhi wachezaji wengi. Ukiwa umetoka tu kwenye kinu, laini na wa kupendeza, haukuruka sawa. Ulizama ghafla. Lakini baada ya kuchezewa kwa siku kadhaa, ukiwa umekwaruzwa na chuma na kujaa makovu, ulitulia hewani na kwenda mbali. Waswahili husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hapa mambo yaligeuka: kipya ndicho kilikuwa kidonda, na chenye vidonda ndicho kilikuwa kinyemi. Waliojua hilo kwa undani ni wale ambao hawakuwa na uwezo wa kununua mpira mpya kila wiki. Ugunduzi huu hauna mwenyewe. Ulienea kwa macho na kwa mdomo, mpaka mafundi wakashika nyundo zenye ncha bapa na kuanza kuipiga mipira alama kabla ya kuiuza. Waliichanja makusudi, tena kwa mpangilio, ili izaliwe na makovu tayari.

Hebu fikiria ilivyokuwa vigumu kulikubali jambo hilo. Akili ya kawaida inakuambia kwamba kitu laini hupita hewani kwa wepesi kuliko kitu chenye mikwaruzo. Macho yanaupenda mpira uliong'arishwa. Kitu pekee kilichosema kinyume ni pale mpira ulipoangukia.

Maelezo ya kisayansi yalichelewa, na yalipofika yaliletwa kwanza na suala la mzunguko. Isaac Newton alikuwa ameandika mapema, mwaka 1672, kwamba amewahi kuona mpira wa tenisi uliopigwa kwa raketi iliyoinama ukipinda njiani. Mjerumani Gustav Magnus alilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1850. Lakini mtu aliyelipeleka kwenye gofu ni Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Tait alikuwa na mtoto anayeitwa Freddie, aliyeshinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza 1896 na tena 1898. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na swali na kulikuwa na mtu wa kulijaribia.

Watu hupenda kusimulia kwamba profesa alipiga hesabu na kutangaza umbali ambao hakuna binadamu angeweza kuuvuka, kisha mwanawe akatoka nje na kuuvuka. Hadithi hiyo ni tamu kuliko ukweli wake. Alichokifanya profesa kinapendeza zaidi. Alichukua utepe mrefu usiosokotwa, ncha moja akaifunga kwenye mpira na nyingine ardhini. Kisha akamwomba mchezaji mzuri aupige mpira huo kwenye ukuta wa udongo mzito uliokuwa hatua chache mbele. Mpira ukazama udongoni. Profesa akaenda kuhesabu utepe umejisokota mara ngapi. Bila kamera wala mashine ya umeme, akawa na ushahidi mkononi: mpira uliopigwa vizuri huondoka ukizunguka kurudi nyuma, na kwa kasi kubwa. Mzunguko huo ndio unaoubeba. Unaisukuma hewa chini, nayo hewa inausukuma mpira juu. Mzunguko ukiinama upande mmoja, mpira nao unapinda upande huo.

Hapo, katika miaka ya 1890, siri ya mipira inayopotelea msituni ilikuwa tayari imefichuliwa. Mpira haupindi kwa sababu ya laana wala upepo peke yake. Unapinda kwa sababu fimbo iliupa mzunguko ulioinama. Freddie Tait hakuishi kuona elimu hiyo ikienea. Aliuawa vitani Afrika Kusini mwezi wa Februari 1900, na baba yake akafariki mwaka uliofuata.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mmarekani Coburn Haskell alivumbua mwaka 1898 mpira uliofungwa nyuzi za mpira ndani. Sandy Herd akautumia kushinda mashindano ya Open ya 1902 huko Hoylake, na gutapacha ikaanza kuaga. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor wa Leicester akasajili mpira wenye vishimo vidogo vya mviringo, ule tunaoujua hadi leo. Kazi ya vishimo ni hii: hewa inayoupitia mpira laini huachana nao mapema na kuacha nyuma yake pengo pana linalouvuta mpira urudi. Vishimo huivuruga kidogo hewa iliyo karibu kabisa na mpira, na hewa hiyo iliyovurugwa, kinyume na matarajio, hung'ang'ania mpira kwa muda mrefu zaidi. Pengo la nyuma huwa dogo, na mpira hupita. Makovu yale ya Uskoti yalikuwa yakifanya kazi hiyohiyo nusu karne kabla ya mtu yeyote kuweza kuieleza.

Ungedhani kwamba baada ya Tait walimu wa gofu wangekuwa wameelewa. La hasha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu na walimu waliwafundisha watu kanuni hii: mpira huanza safari kuelekea upande ambao fimbo inapita, kisha hupinda kuelekea upande ambao uso wa fimbo ulikuwa ukitazama. Ilisikika vizuri. Ilirudiwa kizazi baada ya kizazi, na mwenye kuipinga alionekana hajui mchezo.

Kanuni hiyo ilikuwa kichwa chini miguu juu. Kikundi cha wanasayansi wa Uingereza kilifanya uchunguzi katika miaka ya 1960, na 1968 Alastair Cochran na John Stobbs wakachapisha matokeo yake katika kitabu. Kwa picha za kasi kubwa walionyesha kwamba fimbo na mpira hukutana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurekebisha chochote ndani ya muda huo. Na mpira ukiondoka, hufuata zaidi upande ambao uso wa fimbo unatazama, si upande ambao fimbo inapita. Kitabu kilisomwa na wapenzi wa sayansi, walimu wengi wakaendelea na yao. Ilibidi ifike miaka ya 2000, rada ya kampuni ya TrackMan ya Denmark na nyingine za aina yake zilipoanza kufuatilia mpira tangu unapogongwa hadi unapoanguka, ndipo ubishi ukaisha. Mpira ukigongwa katikati, uso wa fimbo huamua takriban asilimia 85 ya upande unaoanzia ukitumia draiva, na takriban asilimia 75 ukitumia fimbo za chuma.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu kanuni mbovu haikuwa ya vitabuni tu, iliwagharimu watu. Mchezaji anayetaka kuuzungusha mpira nyuma ya mti alifundishwa auelekeze uso wa fimbo kwenye shimo, kisha apitishe fimbo kando ya mti. Akafanya hivyo, kwa uaminifu, na mpira ukagonga mti. Akaambiwa hakufanya vizuri. Akarudi kufanya mazoezi, akazidi kuliboresha kosa. Watu wamejilaumu miaka mingi kwa kutii maagizo yasiyo sahihi.

Ukiisha kujua kanuni iliyo sawa, mpira wenyewe unakuwa mwalimu. Kwa mtu anayepiga kwa mkono wa kulia au wa kushoto ni mamoja: mpira ukianza kulia, uso wa fimbo ulikuwa ukitazama kulia. Ukianza sawa kisha ukapinda kulia, uso ulikuwa sawa lakini fimbo ilikuwa inapita kuelekea kushoto. Huhitaji rada kuona hayo. Unahitaji kuyatenganisha macho yako: kwanza tazama ulikoanzia, kisha tazama ulikopindia. Hayo ni maswali mawili, na wengi wetu huuliza moja tu, lile la mpira umeangukia wapi.

Hesabu yake nayo inatisha kidogo. Uso wa fimbo ukikosea kwa digrii 1 tu, kwenye mpigo wa mita 200 mpira utakuwa umetoka nje ya mstari kwa mita 3.5, hata kabla ya kupinda. Ukikosea digrii 3, ni zaidi ya mita 10, na hapo tayari uko miongoni mwa miti. Karibu na shimo hali si nafuu. Upana wa shimo, uliowekwa kisheria 1891, ni milimita 108. Ukiwa mita 3 kutoka shimoni, digrii 1 inakupeleka sentimita 5 kando, yaani ukingoni kabisa mwa shimo. Ndiyo maana hata wataalamu wanaocheza kule Marekani kwa mamilioni ya dola, wakiwa mita 2.4 tu kutoka shimoni, huingiza takriban nusu ya mipigo yao. Nusu! Mtu akikasirika kwa kukosa mpira wa umbali huo, amekasirikia jambo ambalo mabingwa wameshakubaliana nalo.

Hapo ndipo biashara ilipoingia, ikiahidi kununua usahihi. Kuna ahadi iliyotimia. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, alichoshwa na fimbo ya kusukumia mpira shimoni iliyokuwa ikigeuka mkononi kila alipougonga mpira pembeni. Mwaka 1959 alitengeneza yake, akiwa ameondoa uzito katikati na kuupeleka kwenye ncha mbili. Mtu wa pwani ataielewa haraka akifikiria mzega. Hamali aliyebeba mizigo miwili kwenye ncha mbili za mti hageuki kwa urahisi. Ukimsukuma begani, mizigo ile inakataa. Fimbo ya Solheim nayo ilikataa kugeuka. Ilitoa mlio ilipougonga mpira, akaiita Ping kwa mlio huo, na wazo lake la kupeleka uzito pembeni sasa limo katika karibu kila fimbo ya mtu anayejifunza.

Ahadi nyingine ilikataliwa. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wawili wa California walitengeneza mpira ulioitwa Polara. Vishimo vyake vilikuwa virefu kiunoni na vifupi kwenye vichwa viwili, hivi kwamba ukiuweka sawasawa kabla ya kuupiga, mpira ulijinyoosha wenyewe angani. Ulifanya kazi. Ndiyo sababu wenye mchezo Marekani waliandika sheria mwaka 1981 kwamba mpira lazima uruke sawa vyovyote utakavyouweka. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki. Fimbo ya Solheim ilipunguza adhabu ya kosa lako. Polara ilifuta kosa lenyewe na kukunyima habari yake. Mpira usiokuambia ulichokosea hauwezi kukufundisha kitu. Mchagua jembe si mkulima, na jembe linalolima peke yake halimfanyi mtu kuwa mkulima pia.

Kwa hiyo tuseme umeijua kanuni na umeshika fimbo nzuri. Bado utakosea. Swali la mwisho la usahihi ndilo lililochelewa zaidi kujibiwa: kama kosa halikwepeki, ulenge wapi? Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichambua rekodi za mipigo mingi sana ya wataalamu na ya watu wa kawaida, na 2014 akachapisha kitabu juu ya aliyoyapata. Alionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji hutokana na mipigo ya mbali, si ile ya karibu na shimo kama watu walivyozoea kuhubiri. Na fundisho linalotokana na hesabu zake ni hili: mipira yako haiangukii mahali pamoja, huangukia eneo. Usilenge bendera. Liweke eneo lako lote mahali ambapo hasara ni ndogo. Kama kushoto kuna maji na kulia kuna nyasi, lengo lako lihame kulia, hata kama shimo liko katikati.

Nilipolisoma hilo nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa. Mzee mmoja aliyebeba mifuko ya wachezaji Nairobi kwa miaka mingi aliwahi kunieleza kazi yake ilivyokuwa. Nilimuuliza kama kazi ya kedi ni kumwonyesha mchezaji bendera iko wapi. Akanitazama kama mtoto. "Kijana, bendera kila mtu anaiona. Mimi nilikuwa namwonyesha mahali pa kukosea." Akaeleza kwamba baada ya mashimo matatu alikuwa ameshajua mipira ya mtu huyo inakimbilia wapi. "Basi akifika penye mto namwambia, mzee, hapa lenga ule mti wa kulia. Yeye anadhani namwonyesha njia. Mimi nalinda mpira wake usilale majini."

Hiyo ni takwimu, bana, ila haikuandikwa.

Na ilikuwa takwimu ya Nairobi hasa, kwa sababu Nairobi si St Andrews. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Mpira uleule, mpigo uleule, utaenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 6. Fimbo iliyokupa mita 150 Mombasa itakupa karibu 159 Nairobi. Lakini hewa nyepesi hupunguza pia nguvu ya kupinda. Mchezaji wa Nairobi anayeshuka pwani, akasimama kwenye uwanja ule wa Mama Ngina Drive huku upepo ukitoka baharini, atashangaa kuona mpira wake uliokuwa ukipinda kidogo sasa unapinda kweli. Kosa lake halijaongezeka. Hewa ndiyo iliyolikuza. Makedi waliofuatana na wageni kutoka bara walilijua hilo bila kupima uzito wa hewa.

Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa 1906. Katika enzi ya ukoloni Mwafrika aliingia kwenye viwanja vya namna hiyo akiwa kibarua wa nyasi au kedi, si mwanachama. Alibeba mfuko, akatafuta mipira iliyopotea, akatazama maelfu ya mipigo ambayo si yake. Wengi wa wachezaji wa kulipwa ambao Kenya imepata baadaye walianzia hapo, wakijifunza kwa fimbo moja ya kuazima au ya kujitengenezea. Njia hiyo si ya Kenya tu. Mhispania Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alilelewa karibu na uwanja wa Pedreña, akawa kedi, na alijifunza ufukweni kwa fimbo moja ya chuma, namba 3. Mwaka mmoja baada ya ushindi wake wa Kenya alishinda Open ya Uingereza huku mojawapo ya mipigo yake ikiishia kwenye eneo la kuegesha magari, na shimo hilo bado akalimaliza kwa mpigo mmoja chini ya kiwango. Waliomcheka kwa kutokuwa sahihi walihesabu mahali mpira ulipoangukia. Yeye alikuwa amejua tangu utotoni jinsi ya kutoka popote.

Linabaki suala la kichwa, na hapo pia jibu ni lilelile. Mwaka 1992 Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha utafiti juu ya macho ya wachezaji wanaosukuma mpira shimoni, akaona kwamba walio bora huyatuliza macho juu ya mpira kwa muda mrefu kuliko wengine kabla ya kupiga. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwagawa watu wasiojua gofu katika makundi mawili. Kundi moja liliambiwa lifikirie mwendo wa mikono, jingine lifikirie mwendo wa fimbo. Waliofikiria fimbo walilenga vizuri zaidi, siku ya mazoezi na hata siku ya pili walipopimwa bila maagizo. Ule ushauri wa kujaza debe nilioutaja, nyoosha hiki, kunja kile, karibu wote ni wa mikono. Mwili hufanya kazi yake vyema ukiachwa ushughulike na fimbo, mpira na mahali pa kufika.

Ukitaka kuifanyia kazi historia hii, haikugharimu kitu. Chukua mipira 20 na fimbo moja. Chagua mti mmoja kuwa shabaha. Paka chaki kwenye uso wa fimbo ili uone unapougongea mpira. Kwa kila mpigo andika mambo matatu: mpira ulianzia upande gani, ulipindia upande gani, na alama ya chaki imeonekana wapi. Usirekebishe chochote mpaka mipira yote 20 iishe. Ukimaliza utakuwa na picha ya eneo lako, na utajua kama shida yako ni uso wa fimbo, ni njia ya fimbo, au ni kugonga pembeni. Hizo ni dawa tatu tofauti. Kumeza zote kwa pamoja ndiko kunakowafanya watu wacheze miaka 10 bila kusogea.

Kuna kazi nyingine ambayo daftari hilo linaweza kufanya, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mafundi wa Uskoti walipoanza kuichanja mipira, hakuna aliyeandika ni nani aliyewaambia. Kwenye kuta za vilabu vyetu kuna mbao zenye majina ya washindi kwa herufi za dhahabu, na hakuna mbao za waliosimama hatua mbili nyuma yao wakijua mpira utakakoangukia. Wengi wao sasa ni wazee, wako Kibera, Githurai, Kangemi na vijijini walikostaafia. Kama unamjua mmoja, nenda ukamwamkie, ukae naye, ufungue daftari. Usianze na maswali makubwa ya historia. Mtajie shimo moja tu la uwanja aliofanyia kazi, mwambie asubuhi kuna umande na upepo unatoka kushoto, kisha muulize angemwambia mchezaji wake alenge wapi.